Ugua Pole, Tembea Pole

Lugha ya Kiswahili ina ada njema kwa wagonjwa. Aliyeumia huambiwa "pole", na waliokuja kumtazama wanapoondoka humwachia neno la "ugua pole". Neno hilo hilo likitajwa mara mbili huwa agizo la msafiri: polepole ndio mwendo. Hapa Rwanda methali ya Kinyarwanda yalingana na yetu neno kwa neno, "buhoro buhoro ni rwo rugendo", na aliyepatwa na maumivu huambiwa "wihangane", yaani vumilia. Wazee waliotuachia maneno hayo, wa lugha zote mbili, walitambua kwamba kupona nako ni safari, na kwamba safari hiyo ina mwendo wake usioharakishwa na matakwa ya mtu.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa dhara dogo ambalo halipigiwi mbiu, nalo ni kuteguka kwa kifundo cha mguu. Hakuna anayetangaza msiba kwa sababu ya kifundo. Aghalabu mwenyewe hucheka, akafunga kitambaa, akasema kesho kitapoa. Hata hivyo, wako wengi miongoni mwetu ambao kifundo kilichoteguka mara moja kilirudia kuteguka mara ya pili na ya tatu, hata leo wanachechemea kila mvua inaponyesha na kila ngazi inapozidi kumi.

Rai yetu ni hii: tabibu akishamaliza kazi yake, dawa kubwa iliyobaki ni matembezi ya taratibu, mahali penye hewa safi, miti na ardhi ya sawasawa. Matembezi hayo si anasa wala si uvivu. Ni sehemu ya tiba, na jamaa, mwajiri na mji wenyewe hawana budi kumpa mgonjwa nafasi ya kuyafanya.

MJI WA VILIMA

Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa Wajerumani, ukiwa makazi machache tu juu ya kilima cha Nyarugenge. Ulipofanywa mji mkuu wakati wa uhuru mwaka 1962 ulikuwa bado mdogo. Tangu hapo umeenea kutoka kilima hata kilima, ukashuka mabondeni na kupanda tena. Bonde la mto Nyabarongo liko chini kidogo ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha mlima Kigali, nyuma ya Nyamirambo, kinafika mita 1,850 hivi. Mkazi wa mji huu huweza kupanda na kushuka kabla ya adhuhuri kiasi ambacho mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa hakipandi kwa wiki nzima.

Mwezi Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, yakiwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, na walimwengu wakastaajabia miinuko yetu. Walioishuhudia miinuko hiyo katika televisheni waliwahurumia waendeshaji waliokuwa wakipanda. Mwenye kifundo kibovu, kwa upande wake, huogopa zaidi kushuka, na hofu yake ina sababu katika umbile la mguu.

Mfupa wa juu ya kisigino, ambao ndio ufunguo wa kifundo, ni mpana kwa mbele na mwembamba kwa nyuma. Mtu apandapo, vidole vya mguu huinuka, na ule upande mpana huingia katikati ya mifupa miwili ya muundi na kukazwa kama kabari. Ashukapo, vidole huelekea chini, upande mwembamba ndio unaoingia, na kiungo hulegea. Katika hali hiyo jiwe dogo tu latosha kuupindua unyayo kwa ndani, na kano za upande wa nje zikavutika au kukatika. Hivyo ndivyo vifundo vingi vinavyoteguka. Kupanda hulemea pumzi, bali kushuka hulemea kifundo.

Tukiongeza juu ya hayo masika ya mwezi Machi hadi Mei, wakati udongo mwekundu wa vijia vya mitaani unapoteleza kama sabuni, tutaelewa kwamba mgonjwa wa kifundo katika Kigali hana ugonjwa mdogo. Mlango wa nyumba yake waweza kuwa ngazi ishirini za udongo juu ya barabara. Hana budi kuzishuka kabla hajaanza safari yoyote, na kuzipanda ndiyo kazi yake ya mwisho anaporudi amechoka.

KWANZA TABIBU

Kabla ya kusifu matembezi yafaa tuseme wazi kwamba si kila kifundo kilichovimba ni cha kutembelea. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitangaza kanuni fupi ambazo sasa zinatumika katika nchi nyingi. Aliyeumia akishindwa kupiga hatua nne, pale alipoumia na tena mbele ya mganga, apigwe picha ya eksirei. Kadhalika apigwe picha ikiwa anaumia anapobonyezwa mfupa wenyewe, kwenye ukingo wa nyuma au ncha ya nundu mojawapo ya zile mbili zitokezazo ndani na nje ya kifundo, au kwenye mifupa fulani ya katikati ya unyayo. Asiye na dalili hizo aghalabu hakuvunjika. Kanuni hizi hazihitaji mashine, bali vidole vya mganga na hatua nne za mgonjwa, kwa hiyo hata zahanati ya mbali yaweza kuzitumia kuamua nani apelekwe hospitali.

Katika nchi hii wapo pia waungaji wa kienyeji, na heshima yao ni ya zamani. Kitenzi "kunga" katika Kinyarwanda hutumika kwa mfupa uliovunjika na pia kwa watu waliogombana, na ndicho asili ya jina la abunzi, wapatanishi wa mashauri ya wananchi. Kiswahili nacho husema kuunga mfupa na kuunga udugu. Hatuidharau kazi hiyo. Lakini kuuvuta na kuukanda mguu ambao haujajulikana kama umevunjika ni kucheza bahati nasibu na mguu wa mtu. Aungaye na ajue kwanza kilichokatika ni nini.

KULALA SI KUPONA

Hapo zamani, na si zamani sana, mgonjwa wa kifundo aliambiwa alale. Mwaka 1978 Daktari Gabe Mirkin wa Marekani alieneza shauri la mambo manne: kuupumzisha mguu, kuutia barafu, kuufunga na kuuinua. Shauri hilo lilienea duniani kote, likafundishwa mashuleni na viwanjani. Mwaka 2014 daktari huyo huyo aliandika kwamba barafu pamoja na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona badala ya kukuharakisha. Leo matabibu wengi humtaka mgonjwa apumzike siku chache za mwanzo, kisha aanze kuutumia mguu kwa kiasi.

Sababu zake si ngumu kufahamika. Kiungo kisichotumika hukakamaa, na misuli inayokilinda hupungua nguvu. Tena kano zina kazi nyingine mbali na kufunga mifupa: huupasha ubongo habari za mahali unyayo ulipo na jinsi ulivyoinama. Kano zikiumia, habari hizo huchelewa. Mtu huukanyaga ukingo wa barabara akidhani amekanyaga sawa, na kabla hajajua, mguu umekwisha pinduka. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja huwa katika hatari ya kuteguka tena, na ndiyo maana uvimbe ukiisha si dalili tosha kwamba amepona. Mguu wafaa ufundishwe upya kuijua ardhi, na shule ya mguu ni ardhi yenyewe.

Basi kuna makosa mawili, na yote mawili ni ndugu. La kwanza ni la yule anayelala majuma mengi kwa hofu, akaamka na mguu mgumu kama ubao. La pili ni la yule anayetupa mkongojo siku maumivu yanapopungua, akarudi kubeba mzigo au kucheza mpira. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Hawakusema kwamba asiyekwenda hajikwai.

Matembezi ya mgonjwa yana adabu zake. Aanze na dakika kumi mahali tambarare, amevaa viatu vya kufunga kamba, si kandambili. Mkongojo aushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, ingawa wengi huushika upande wa mguu mbovu. Penye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda na mguu mgonjwa utangulie kushuka. Kila asubuhi akitazame kifundo: kikiwa kimevimba kuliko jana, apunguze, kikiwa kama jana au nafuu, aongeze dakika chache. Nyumbani asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kwa muda wa kupiga mswaki, ili mguu ukumbuke kazi yake ya mizani. Mteguko mwepesi waweza kupoa kwa wiki moja au mbili. Ulio mkubwa huchukua miezi, na kano zenyewe huendelea kujijenga hata baada ya mwenyewe kusahau kwamba aliumia.

MAHALI PA KUTEMBEA

Mgonjwa aliyekubali kutembea huuliza swali la haki: atembee wapi? Katika barabara kuu atasukumwa na wenye haraka. Katika kijia cha kilimani atateleza. Anachohitaji ni tambarare, na katika Kigali tambarare iko mabondeni.

Kwa bahati njema mabonde yetu yameanza kutazamwa kwa jicho jipya. Bustani ya Nyandungu, katika bonde lililo baina ya wilaya za Gasabo na Kicukiro, lilikuwa eneo la kinamasi lililoharibiwa na shughuli za watu. Kazi ya kulirudishia uhai ilianza mwaka 2016, na mwezi Julai mwaka 2022 likafunguliwa kwa wananchi. Lina ukubwa wa hekta 120 hivi, njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli zipatazo kilomita 10, na miti 17,000 ya aina 55 za asili ya nchi, pamoja na shamba la mimea ya dawa. Maji ya vidimbwi hutulia pembeni mwa njia, na mgonjwa huweza kutembea nusu saa bila kukutana na mteremko mkali.

Upande wa Rusororo kuna mahali pengine panapostahili kutajwa, panapoitwa Umusambi, kwa jina la Kinyarwanda la korongo mwenye taji. Hapo wanatunzwa korongo waliokuwa wamefungiwa majumbani na mahotelini kama mapambo, ambao mabawa yao yaliharibiwa hata hawawezi tena kuruka. Walipookolewa, wale wazima walirudishwa porini, na hawa wasioweza kuruka wakapewa kinamasi kilichotengenezwa upya, wakaishi humo kwa miguu yao. Mgonjwa apitaye polepole katika vijia vya mahali pale huwaona ndege hao wakitembea majanini kwa hatua ndefu za utulivu, na hakuna anayewahimiza waende upesi.

Kuna pia Jumapili zile ambazo barabara kadhaa za mji hufungwa asubuhi kwa magari, utaratibu ulioanza mwaka 2016. Wengi hukimbia, lakini lami ni pana na mwenye mkongojo hupata upande wake. Na mtu akivuka mpaka wa nyumba za mwisho, kuelekea Bumbogo na Rutunga hata ufuko wa ziwa Muhazi, huko bado ni shamba kwa shamba: migomba, maharage, mtama, na mikaratusi juu ya vilele.

Mwandishi wa makala haya amezipita baadhi ya njia hizo kwa mkongojo, na yapo mambo mawili aliyoyaona. La kwanza ni kwamba mwendo wa pole humrudishia mtu nchi yake. Kutoka ndani ya gari au juu ya pikipiki, bonde ni rangi ya kijani ipitayo. Kwa mwendo wa mgonjwa, bonde ni mfereji uliochimbwa na mtu, ni mama anayepalilia matuta ya viazi vitamu, ni harufu ya moshi wa mikaratusi na sauti ya maji yapitayo chini ya daraja la miti. La pili ni kwamba watu humsalimu atembeaye pole. Wapitao na majembe husimama, huutazama mguu, husema "wihangane", na mara nyingine huongeza habari za shangazi aliyeumia vivyo hivyo na jinsi alivyopona. Salamu kama hizo humwondolea mgonjwa ule upweke wa chumbani, ambao nao ni sehemu ya ugonjwa.

Si maneno ya hisia tu. Mwaka 1984 mtaalamu Roger Ulrich wa Marekani alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, na nusu yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Ikiwa mti ulioonekana dirishani uliweza kusaidia kiasi hicho, hapana sababu ya kuidharau faida ya mti ambao mgonjwa anapita chini ya kivuli chake.

NA ASIYE NA NAFASI?

Hapa msomaji mwenye uchungu atatukatiza. Atasema kwamba matembezi ya bustanini ni ya wenye mishahara. Kwamba kibarua wa ujenzi, mwenye kusukuma baiskeli ya ndizi, dereva wa pikipiki na mama auzaye mboga kwa kutembeza hawana wiki sita za kuangalia ndege. Neno hilo ni la kweli, na ndilo kiini cha shauri letu.

Mfanyakazi mwenye mkataba huweza kupata ruhusa kwa cheti cha daktari. Kibarua hana wa kumpa ruhusa isipokuwa njaa, na njaa haitoi ruhusa. Bima ya afya ya jamii, ambayo majaribio yake yalianza mwaka 1999, imewafungulia wananchi milango ya vituo vya afya, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini bima humlipia mtu dawa, haimlipii siku. Kwa hiyo maskini hurudi jengoni siku ya tano, akapanda jukwaa la miti akiwa na ndoo ya zege kichwani, na kifundo chake kikateguka tena. Mara hii huenda asianguke peke yake. Mguu ambao ungepona kwa mwezi mmoja wa kazi nyepesi sasa umekuwa kilema cha maisha, na hasara si yake tu, ni ya watoto wake na ya taifa.

Nchi hii haikosi mfano wa kuheshimu mguu wa mnyonge. Mwaka 1960 Padri Joseph Fraipont, aliyeitwa na wananchi Ndagijimana, alianzisha makao ya Gatagara karibu na Nyanza kwa ajili ya watoto walemavu, wakati ambapo wengi walifichwa majumbani kwa aibu. Alifariki mwaka 1982, lakini kazi yake inaendelea, na wako watu wazima waliosimama huko kwa mara ya kwanza. Walioweka msingi ule walikubali kwamba mtu kujifunza kutembea ni kazi yenye heshima, hata ikichukua miaka. Iweje basi tumwonee haya au tumfanyie haraka anayejifunza kutembea upya kwa wiki sita?

MAMBO YANAYOWEZEKANA

Hatuombi miujiza. Tunayoyaomba ni machache na yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, wasimamizi wa kazi za ujenzi na wenye maduka wampe aliyeteguka kazi ya kukaa au ya kutembea tambarare kwa majuma machache: kuhesabu mifuko, kulinda lango, kuandika orodha. Msimamizi afanyaye hivyo hapotezi fundi wake.

Pili, bustani kama ya Nyandungu, ambazo huingiwa kwa kiingilio, zingetenga asubuhi moja au mbili za wiki ambapo mwenye barua ya kituo cha afya angeingia bure. Siku za kazi asubuhi njia huwa na nafasi, na hakuna atakayepungukiwa.

Tatu, mji umejenga njia nzuri za waendao kwa miguu kando ya barabara kuu. Kazi hiyo iteremke sasa mpaka vijia vya mitaani, penye ngazi za udongo. Kishikio cha chuma au cha mti kando ya ngazi, benchi moja katikati ya mteremko mrefu, na mfereji uliofunikwa, hivyo ni vitu vidogo. Siku ya umuganda, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakazi wa mtaa wanaweza kuanza na ngazi moja. Atakayefaidika si mwenye mkongojo peke yake. Mja mzito, mzee na mtoto mwenye mtungi wa maji watapita hapo hapo.

Nne, na hili halihitaji fedha hata senti, jamaa wa mgonjwa waache kumwambia ama "lala tu" ama "mbona hujapona?" Mmoja wao na atoke naye jioni, jua likipungua, aende kwa mwendo wake, asimame anaposimama. Baba na mwanawe, mke na mumewe, huenda wakazungumza katika dakika hizo ishirini mambo ambayo hawakupata kuyazungumza mwaka mzima.

Ndugu msomaji, kila mmoja wetu aishiye katika vilima hivi atakuja kuwa mtembea pole siku moja, kwa kuteguka, kwa maradhi au kwa umri. Mji unaomngojea mtu wa namna hiyo huwa umemngojea kila mtu. Basi tukimwona mwenye mkongojo bondeni asubuhi, tusimdhanie kuwa ni mvivu aliyekimbia kazi. Yumo kazini. Tumpe njia, tumsalimu, tumwambie pole, na yeye aendelee polepole mpaka afike.